Betri Niliyoipima Saa Sita Mchana

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wa duka letu la sola pale Noonkopir, mjini Kitengela, hakunipa bisibisi. Alinipa kitambaa na kopo la maji ya magadi, akaniambia nisafishe vichwa vya betri kumi na mbili vilivyoota kutu ya kijani. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, maana mama alidhani naenda ofisini. Kufikia saa nne asidi ilikuwa imelitoboa tumboni, na mafundi wenzangu walinicheka mpaka nami nikacheka.

Mzee yule alikuwa mkali, lakini alijua kufundisha. "Mita inakujibu tu kile umeiuliza," alikuwa akisema, akimaanisha kile kipimo cha umeme chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Betri haipimwi juani ikiwa imeunganishwa na paneli, kwa sababu namba utakayoiona ni ya umeme unaoingia kutoka kwa jua, si nguvu ya betri yenyewe. Unachomoa paneli kwanza. Unaiacha betri itulie. Kisha unaipa mzigo, na sisi tulitumia taa ya mbele ya gari, huku ukiitazama namba. Ikishuka kidogo ikasimama, betri ni nzima. Ikiporomoka, sahani za madini ya risasi zilizo ndani zimechoka, na hapo hakuna dawa ila kuibadilisha. Kazi hiyo inakula karibu saa nzima, na ndiyo maana mafundi wavivu hawaipendi.

Nilikaa chini ya mzee huyo miaka tisa. Kisha nikapelekwa Illasit, mpakani na Tanzania, kufungia wakulima wa vitunguu sola, nikakaa huko zaidi ya miaka kumi. Niliporudishwa Noonkopir nilikuwa na mvi tayari, kwa hivyo sitasingizia ujana kwa hili ninalotaka kuwaeleza. Mkubwa wangu sasa alikuwa Msimamizi wa Kanda, mtu ambaye sikuwahi kumwona ameshika koleo. Alishika karatasi. "Leo uko na boma sita," angeniambia asubuhi, "na sitaki story ya barabara."

Boma ya Mama Lemayian ilikuwa ya tano siku hiyo. Alikuwa mjane aliyenizidi umri kidogo, akiishi nje ya Kitengela, upande ule simba hupita. Mfumo wake ulikuwa mdogo: paneli moja juu ya bati, kontrola ya kuchunga betri isijae kupita kiasi wala kuisha kabisa, betri moja, na taa sita za kumetameta kuzunguka zizi. Simba akiona taa zinawaka na kuzimika hudhani kuna mtu anatembea na tochi. Shida ni kwamba taa zake zilikuwa zikizimika kabla ya kupambazuka.

"Takwenya, Mama Lemayian," nilimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," aliitikia, akaniletea chai hata kabla sijafungua begi.

Jua lilikuwa la utosini. Nikagusisha mita kwenye betri ikiwa bado imeunganishwa na paneli, nayo ikasoma vizuri kabisa. Kando yake niliona simu nne za majirani zikichaji, kwa kuwa huko mtu hamnyimi jirani yake maji, wala moto, wala chaji. Nikaangalia saa. Boma ya sita ilikuwa mbali.

"Betri iko sawa," nikamwambia. "Ni hizi simu zinamaliza moto. Usikubali tena."

"Hata ya Mama Sein?"

Mama Sein alikuwa jirani yake wa karibu. Mume wa Mama Lemayian alipofariki, Mama Sein ndiye aliyekuja kukaa kwake miezi miwili ili asiwe peke yake.

"Hata ya Mama Sein," nikasema.

Simu nne haziwezi kumaliza betri ya ukubwa ule. Nilijua hivyo wakati nikisema.

Wiki tatu baadaye alinipigia asubuhi. Simba alikuwa ameingia zizini na kuua ng'ombe wanne. Nilipofika, wanaume walikuwa wakichuna mizoga. Safari hii nilichomoa paneli, nikangoja, nikaunganisha taa ya gari, na namba ikaporomoka mbele ya macho yangu. Betri ilikuwa imekufa kitambo.

Kabla sijasema neno, Mama Lemayian alinishika mkono. "Fundi, ni mimi nilikosea. Jana nilichaji simu ya Mama Sein. Mtoto wake Sein alikuwa na homa mbaya, alitaka kuita mtu wa pikipiki." Mama Sein mwenyewe alikuwa amesimama langoni akilia, leso mdomoni.

Ningeweza kusema ukweli pale pale. Nilisema, "Poleni sana, nitawaletea betri ingine." Kwenye ripoti nikaandika kwamba mteja alizidisha matumizi, na Msimamizi akatia sahihi bila kuinua kichwa. Niliogopa kufutwa, na niliona aibu. Miaka kumi na miwili iliyofuata niliwafokea vijana wa duka wachomoe paneli kabla ya kupima, nao wakaniita Mzee Chomoa. Sikucheka nao.

Sasa nimestaafu. Betri za siku hizi ni nyepesi, nyingine hutuma habari za ugonjwa wake kwenye simu yako. Mwezi uliopita nilienda kwa Mama Lemayian nikamwambia kila kitu. Alizungusha ushanga mkononi.

"Mama Sein hakuingia tena hapa," alisema. "Tulikuwa tunasalimiana tu kwa barabara. Alikufa akiniomba msamaha."

Nami nikamwomba anisamehe.

"Mimi ng'ombe nilishasahau. Sein anaishi kwa nyumba ya mama yake. Enda umwambie yeye."

Nilimkuta Sein akianika nguo, mtoto mgongoni. Nilimweleza juu ya mita, jua la saa sita, ripoti, na woga wangu, bila kuruka kitu. Alisikiliza huku shuka aliyoishika ikichuruzika maji miguuni pake. Nilipomaliza nilingoja anitukane.

"Kwa hivyo," aliniuliza polepole, "ng'ombe hawakufa kwa sababu ya homa yangu?"