Mama Aliyekwenda Matangani na Ufunguo wa Stoo

Habari ya kifo chake ilinikuta kwenye mashine ya kusaga mjini Busia, nimepanga foleni na ndoo yangu ya mihogo mikavu iliyochanganywa na mtama. Aliyepiga simu alikuwa mwenyekiti wa ushirika wetu wa chakula, mwalimu mstaafu wa Busibwabo ambaye hata salamu huianza kwa utangulizi. Safari hii hakuwa na utangulizi. “Mzee,” akasema, “yule mama yetu wa Malaba ametuacha. Ni presha.” Nilitoka kwenye foleni nikamwachia aliyekuwa nyuma yangu nafasi. Niliumia, na sioni haya kukiri, ingawa kwa miaka kadhaa nilikuwa nikibishana na mama huyo kila tulipokutana. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kuwa safu hii haina mazoea ya kuwavika marehemu kilemba cha ukoka. Yeye mwenyewe angelicheka sana kukiona kichwani mwake, kwa hiyo nitasimulia jinsi nilivyomjua.

Ushirika wenyewe si mkubwa. Ni wakulima wa vijiji vya kati ya Busia na Malaba, na wachache wanaotoka mbali hadi Namboboto. Kila mmoja akivuna huleta sehemu ya mahindi au mtama kwenye stoo yetu, ili miezi ile ambayo shamba ni kijani na chungu ni kitupu, mwanachama anunue chakula kwa bei nafuu. Wageni hutushangaa. Wanauliza kwa nini tuhangaike kuweka akiba na mahindi ya Uganda yanavuka mpaka kila siku, kwa malori na kwa baiskeli. Jibu ni kwamba mahindi hayo yanapita tu. Yanawafuata wenye pesa, na wenye pesa hawaishi kwetu. Stoo inasimamiwa na bodi inayochaguliwa na mkutano mkuu wa wanachama. Mlango una kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na wajumbe watatu wa bodi kutoka pande tatu tofauti, ili asiwepo hata mmoja awezaye kuufungua peke yake. Nitasema wazi kwamba tulifanya hivyo kwa sababu hatukuaminiana.

Ufunguo wa upande wa Malaba alikuwa nao yeye. Alikuwa mfanyabiashara wa maharagwe na omena, wale dagaa wa ziwani, mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni, aliyeweza kupatana bei kwa Kiteso, akatukana kwa Kiluhya na kuomba msamaha kwa Kiganda. Kwenye vikao vya bodi alikuwa mwiba. Mwenyekiti alipouliza, “Tumekubaliana?” na watu wakaguna, yeye alikataa katakata. “Mwalimu, kuguna si kura,” alikuwa akisema. “Watu wainue mkono, tuwaone.” Basi wazee wenye magoti mabovu na kina mama waliokuwa wakisinzia walilazimika kuinua mikono hata kwa jambo la kununua ufagio. Tulimlalamikia sana kwa hilo.

Mwaka mmoja, kabla ya mvua, mnunuzi alikuja akataka kuchukua akiba yote ya stoo kwa bei ambayo hatukuwahi kuisikia. Bodi ilikaa. Waliotaka kuuza walikuwa na hoja nzuri: wadudu walikuwa wameanza kutoboa magunia, mahindi ya ng’ambo yangeshusha bei, na wanachama walikuwa na karo za kulipa. Mimi nilikuwa mmoja wa wanachama hao, binti yangu amepata nafasi ya chuo, nikiomba usiku na mchana wauze. Yeye alipinga. “Mvua ikichelewa tutakula nini? Risiti?” Wakapiga kura kwa mikono, kama alivyowazoesha, akashindwa. “Sawa, nimeshindwa,” akasema, akachukua mkoba wake akaenda zake. Kesho yake lori likafika. Wenye funguo mbili walikuwepo, wa tatu hayupo. Mwenyekiti alipompigia simu, alijibu akiwa Tororo, ng’ambo ya mpaka. “Mwalimu, niko matanga. Msiba imenipata ghafla.”

Nani huku kwetu atamwambia mtu aache matanga? Mwenyekiti alimwomba kwa upole ampe mwendesha boda ufunguo auvushe. “Ai, mwalimu! Ufunguo ya watu nipatie boda sijui hata kwao?” Siku ikaisha. Siku ya pili wapo waliotaka kufuli ivunjwe, na nakiri nyundo ingekuwa mkononi mwangu ningeivunja mimi. Mwenyekiti ndiye aliyekataa. Alisema tukivunja leo kwa sababu tuna haraka, basi hatuna kufuli tena, tuna mapambo ya mlango. Jioni dereva wa lori alichoka, akageuza akaondoka mtupu. Binti yangu alichelewa muhula mzima, na kwa muda huo wote sikumsalimia mama yule.

Halafu mvua ikachelewa. Mahindi yalinyauka yakiwa ya urefu wa goti, bei ya unga madukani ikapanda, na stoo yetu ikawa na chakula. Tulikula, nami nikiwemo. Jina lake likawa linatajwa hadi kanisani. Nilipita kibandani kwake Malaba nikamuuliza kama yale matanga yalikuwa ya kweli. “Ya kweli kabisa! Binamu ya bwanangu,” akasema huku akipima omena. “Lakini mtu akizika anarudi. Mimi nilizika, nikakaa, nikaosha masufuria mpaka ya majirani.” Alicheka hadi akaketi. Nikamwambia kuwa pamoja na hayo yote alikosea, kwa kuwa kura ilikuwa imepigwa. Nilitarajia anifukuze. “Nilikosea,” akasema. “Lakini watoto si walikula?” Nikasema walikula. Akanifungia omena ya bure.

Mkutano mkuu ulipofika, wanachama walitaka kumfanya mwenyekiti papo hapo, kwa makofi na vigelegele. Akasimama akawanyamazisha. “Munanipigia makofi juu njaa ilikuja,” akasema. “Mvua ingenyesha mapema, leo mungeniita mwizi. Mimi nilishindwa kura. Halafu nikabeba kura yenu kwa mkoba nikaenda nayo Tororo.” Akapendekeza kila ufunguo uwe na mtu wa akiba, na mjumbe yeyote atakayesafiri nao bila kuuacha apoteze kiti chake. Muanze na mimi, akasema. Mwenyekiti, aliyetamani kumwokoa, alimwambia, “Dada, tupitishe hiyo sheria, lakini ianze mwaka ujao.” Akatikisa kichwa. “Ikianza mwaka ujao, mwalimu, hiyo ni sheria ya wengine.” Mikono ikainuliwa polepole, mingine ikiwa ya watu waliokuwa wakifuta machozi. Katika ukumbi mzima, walioamini kwa dhati kwamba alikosea tulikuwa wawili, mimi na yeye. Aliweka ufunguo mezani, akaja nyuma nilipokaa, akaniambia, “Songa huko.”

Ningependa kuwaambia kwamba tangu siku hiyo mambo yalinyooka, lakini sivyo. Msimu uliofuata mnunuzi mwingine alikuja, bodi ikapiga kura ya kuuza, funguo tatu zote zikapatikana na akiba ikaenda. Miezi ya njaa ilipoingia tulinunua unga dukani kwa bei ya kuuma, na yeye akanunua pamoja nasi. Hakutamka hata mara moja kwamba alituonya. Mimi ndiye niliyemchokoza, nikamuuliza kama anajuta kuuacha ule ufunguo. “Najuta,” akasema, na uso wake haukuwa na mzaha. “Lakini saa hii mumekosea nyinyi wote, si mtu moja. Sasa mutatengeneza.” Na kweli tulitengeneza. Mkutano mkuu uliofuata uliamua kuwa akiba ya njaa haiuzwi na bodi peke yake. Lazima wanachama wote waulizwe. Sheria hiyo ipo mpaka leo. Kama angeendelea kutuokoa kila mwaka kwa kwenda matangani, nadhani tusingeitunga kamwe, tungebaki tukimwombea maisha marefu tu.

Tangu nipokee simu ya mwalimu nimekuwa nikiwaza juu ya kamati zetu nyingine, za kanisa, za shule, za maji, za vyama vya kuweka na kukopa. Karibu kila moja ina mtu mmoja mwema anayeshika kila kitu kwa sababu sote tunampenda. Akiruka kikao tunasema ana shughuli, akiamua peke yake tunasema anatujali. Kawaida ni kama sheria, na siku anapoondoka, anayerithi kiti chake hurithi pia zile njia za mkato alizozikanyaga kwa nia njema. Hapo ndipo tunapopiga kelele kwamba tumeibiwa, ilhali mlango tuliuacha wazi wenyewe.

Tunamzika Jumamosi. Watu watasimama mmoja mmoja waseme alitulisha mwaka wa njaa, na watakuwa wanasema kweli. Mimi nikipewa nafasi nitasema jambo jingine. Mwizi hatuoni shida kumwekea kufuli. Mtu mwema ndiye tunayeona aibu kumfungia, na kwa hiyo ni yeye mwenyewe tu awezaye kutuambia tumfungie. Wengi hawatuambii. Huyu alituambia, na alipokwisha kufungiwa akakaa nje pamoja na sisi.