Pipa la Chipu Zilizofeli

Mara ya kwanza Verna Haugen kuingia dukani kwangu nilimtajia bei ya mgeni, akalipa bila kufungua mdomo. Hapo hapo nikamshuku. Mnunuzi asiyebishana ama hajui bei, ama anajua kitu ambacho wewe hukijui, na macho ya yule mama hayakuwa ya mtu asiyejua bei.

Duka langu lilikuwa ghala la zamani la kukaushia aprikoti, hapo Sunnyvale, wakati miti ya matunda ilikuwa bado haijang'olewa yote kupisha viwanda. Nilinunua mabaki ya viwanda kwa uzito na kuyauza kwa kipande: waya, swichi, transfoma, vibao vya saketi vilivyotolewa kwenye mitambo ya jeshi. Mwaka huo, sabini na tano, wateja walianza kubadilika. Zamani walikuja mafundi redio. Sasa walikuja watu wenye vitambulisho vya viwandani vikining'inia shatini, wakanunua vitu vidogo vidogo, na ukiwauliza wanatengeneza nini wanakujibu, "Kompyuta." Ya nani? "Yangu." Ni kama mtu akuambie anajijengea stesheni ya treni uani kwake.

Verna alikuwa na miaka arobaini na kidogo, mtoto wa mkulima wa viazisukari wa Dakota Kaskazini. Alikuja na mume, mume akaondoka, yeye akabaki na kibarua chake. Kazi ilikuwa kukaa mbele ya hadubini na kujaribu chipu za kumbukumbu, zile ambazo kompyuta huwekea mambo yake. Inayofaulu inaingia boksini, inayofeli inatupwa. Haya ya kazi hakunieleza yeye. Jumamosi ya tatu alisahau kuvua kitambulisho, nikakisoma huku najifanya natafuta chenji.

Jina la kiwanda lilinishtua. Tangu aanze kuja hakugusa kitu kingine dukani ila pipa moja lililokuwa nyuma karibu na mlango, na pipa lile lilitoka kiwanda kile kile anachofanyia kazi. Lilijaa chipu zilizofeli. Kiwanda kiliamuru zisagwe kabla ya kutoka getini, lakini dereva wa taka aliona kusaga ni kujichosha, akaniletea nzima nzima. Mimi sikumuuliza kitu. Kwenye biashara ya chakavu, mwenye maswali mengi hana mali.

"Mama, hizo zimekufa," nilimwambia siku hiyo. "Usije ukarudi kudai."

"Nimesema nitadai?"

"Sasa unazifanyia nini? Vifungo vya gauni?"

"Kifungo hakina miguu kumi na sita, bwana Silveira. Wewe pima tu."

Nilipima. Alipoondoka nikakaa na kuwaza kama mtu aliyeona nyayo asizozijua mlangoni kwake. Wazo la kwanza: huyu mwizi. Yeye ndiye mjaribu, anaziandikia nzima kuwa mbovu, kisha anazifuata kwangu kwa bei ya takataka. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo. Nikachota ishirini, nikampelekea rafiki yangu mwenye mashine ya kujaribia. Zote zikafeli, hata moja haikupona.

Basi mwizi si yeye. Wazo la pili lilikuwa baya zaidi. Wakati ule viwanda vilikuwa vikisaka chipu zinazotoka kwa mlango wa nyuma. Mtu wa kiwanda, anayenunua mali iliyokufa, habishani bei, na kila kipande anakitia kwenye kijibahasha na kukiandika juu kwa kalamu. Huo si ununuzi, nikajiambia. Huo ni ushahidi.

Jumamosi iliyofuata alinikuta napanga swichi.

"Leo nataka nyingi," akasema. "Mia na ishirini na nane zinazonifaa, na ili nizipate itabidi nichambue karibu pipa zima. Kuna mwenye duka la mashine za kufulia nguo, Bi Okumoto, amenipa kona. Nitaweka kompyuta pale, na simu, na kibao cha kuchapia. Mtu akisubiri nguo zake anaandika tangazo: nauza baiskeli, natafuta mtu wa kwenda naye kazini kwa gari moja. Aliye kwenye duka lake la pili, upande wa pili wa mji, analisoma hapo hapo kwa njia ya simu na kujibu."

"Kwa nini asibandike karatasi ukutani?"

"Karatasi inajibu?"

"Na wewe unapata nini?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza anapata nini kwa kupumua. "Mwisho wa mwezi nisipoiwasha, Bi Okumoto anaweka mashine ya soda. Kumbukumbu mpya siwezi kununua, hata nikiuza gari. Usiliguse pipa, bwana Silveira. Jumamosi nakuja na trela."

Usiliguse pipa! Hivyo ndivyo asemavyo askari kabla hajaja na wenzake. Jumatatu asubuhi nililipakia na kulipeleka Oakland kwa Nello, mzee anayechovya chipu kwenye asidi ili apate ile dhahabu kidogo iliyo kwenye miguu ya hizo chipu. Akanipa bei ya kichovu. Nilirudi naimba.

Jumamosi Verna alikuja na trela kweli, peke yake. Akasimama pale pipa lilipokuwa, akatazama duara la vumbi sakafuni.

"Liko wapi?"

"Limeuzwa."

"Kwa nani?"

"Mteja. Simjui jina."

Hakupiga kelele. Akasema, "Alasiri hii tuna mkutano wetu, sisi tunaojijengea kompyuta, ukumbi wa shule ya watoto. Njoo. Labda mteja wako atakuwa yuko pale, umwone kwa sura."

Nilikwenda. Nilitaka kujua anamtumikia nani.

Walikuwa kama sitini, wengi wana ndevu, kila mmoja amekumbatia sanduku la nyaya kama mwanamke aliyepakata mwana. Desturi yao ilikuwa hii: mtu anasimama, anataja alichonacho na anachokitaka, anakaa. Mmoja akasema ana skrini tatu, anatafuta kibao cha herufi. Mwingine akasema ana programu ya kufunza mashine kuhesabu na anatafuta mtu wa kumwonyesha makosa yake. Makosa yake! Miaka thelathini nafanya biashara sijawahi kuona mtu anasimama mbele ya wenzake kutangaza makosa yake bila kuhojiwa na hakimu.

Verna akasimama.

"Ninachokitaka ni pipa la chipu zilizofeli. Jumamosi iliyopita lilikuwa kwa bwana Silveira, yule pale nyuma mwenye kofia. Na nilichonacho ni hiki. Chipu moja ina matundu elfu nne ya kuwekea kumbukumbu, na kiwandani, moja tu likiwa bovu, chipu yote inatupwa. Lakini matundu mabovu mara nyingi yako nusu moja. Ukiunganisha mguu mmoja na umeme, kompyuta inaona nusu ya juu tu. Ukiuunganisha na waya wa ardhi, inaona nusu ya chini tu. Yenye nusu ya juu nzima naipaka rangi ya kucha nyekundu, ya chini nyeupe. Nusu chipu, kwa bei ya taka. Mchoro huu hapa, nakala hamsini. Chukueni."

Watu sitini wakageuka kunitazama mimi. Wa kwanza kunifikia akanishika mkono.

"Mzee, una mapipa mangapi?"

"Kilo unauzaje, baba? Mimi nachukua tano!"

"Tano? Mwacheni mwenye tamaa, nipe mimi kumi!"

Na mimi nimeshalipeleka kwenye asidi. Nilimvuta Verna pembeni.

"Mchoro huo umewauzia bei gani?"

"Sijauza. Hujaona?"

"Nyuma yako kuna nani?"

"Nyuma yangu kuna ukuta, Amadeu Silveira. Saketi ya simu nilipewa na yule mwenye ndevu nyekundu. Ya skrini nilipewa na yule aliyelala. Unachukua, unatengeneza vizuri zaidi, unarudisha. Sasa niambie ukweli: pipa liko wapi?"

Nikamwambia. Alicheka hadi akakaa chini, kisha akaacha kucheka.

Asubuhi yake nilikuwa mlangoni kwa Nello. Nusu ilikwisha kuyeyuka.

"Jumatatu uliniletea takataka," Nello akasema, huku anajikuna tumbo. "Leo ni lulu?"

"Mteja mmoja amezikumbuka, tu."

"Mteja hukumbuka, sawa. Wewe, Silveira, huendi popote Jumapili asubuhi badala ya misa bila faida. Mara tatu ya nilichokupa."

Nililipa mara mbili na nusu, na nikaona nimepona. Verna alizichambua kwake kwa siku nne. Zilizomfaa zilitimia mia na arobaini, nyingi kuliko alivyokisia. Nilimwambia bei imepanda.

"Sawa," akasema. "Jumamosi nitasimama tena. Nilichonacho: habari ya jinsi bwana Silveira anavyotunza mali ya wateja wake."

Alizipata kwa bei ya zamani. Zilizobaki, ambazo zingefaa robo tu, niliwauzia wenzake kwa bei ambayo ilinirudishia yote na nyongeza.

Kompyuta iliwaka kwenye kona ya Bi Okumoto siku tatu kabla ya mwisho wa mwezi. Nilikwenda kuiona. Mtu alikuwa ameandika anatafuta mpiga gitaa, na chini yake watu wanne walikuwa wamejibu, mmoja kwa matusi.

Lakini katika watu sitini hukosi mwenye mdomo. Kiwanda kilisikia. Kikaanza chenyewe kuzipiga mhuri nusu chipu na kuziuza, na mapipa yakakoma. Kisha kikamuuliza Verna swali lile lile nililojiuliza mimi: mjaribu ananunuaje alichokifelisha mwenyewe? Wanaume wawili wenye tai walikuja dukani kuniuliza kama namfahamu. Nikasema simfahamu. Msinisifu kwa hilo. Kumtaja yeye kulikuwa kujitaja mwenyewe. Hata hivyo walimfukuza.

Nilimtaka tushirikiane, mimi ghala, yeye akili. Akaniuliza, "Na nyuma yako kuna nani?" Akaenda kuunganisha vibao kwa malipo ya saa, kwenye kampuni ya mwenye ndevu nyekundu, ambayo ilivitengeneza kwa mchoro wake. Hakudai asilimia. Mpaka leo najiuliza kama kulikuwa na hesabu nyingine asiyoniambia, na sijaipata.

Kwa hiyo yeye alipoteza kazi ya miaka sita, akapata kona iliyodumu mwaka na nusu, hadi Bi Okumoto alipouza duka. Mimi nilipoteza nusu ya pipa na dereva wa taka. Nikapata watu sitini wenye njaa ya vipande, na hao, pamoja na waliowaleta, ndio walionilipia ghala la pili.