Karatasi Zilizoliwa Pembeni

Mwaka ule nilikuwa nimechoka kabla hata mashine haijaharibika. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya elimu ya watu wazima, Bagamoyo, na mimba yangu ya kwanza ilikuwa imeshakuwa nzito. Kila somo lilipita mikononi mwangu mara mbili. Kwanza nililipiga kwa taipureta juu ya stensili, ile karatasi ya nta, kisha nikaiweka stensili kwenye mashine ya kudurufu na kuzungusha mpini mpaka bega liume.

Mashine yenyewe niliizoea kama mtu anavyozoea mgonjwa wa nyumbani. Wakati wa masika karatasi zilinyonya unyevu wa bahari zikashikana, zikawa zinaingia mbili mbili, moja ikitoka nyeupe. Nikawa nazianika dirishani. Joto likizidi, wino ulivuja. Stensili ikipata mkunjo mdogo tu, mstari mweusi ulitokea kwenye kila karatasi, katikati ya maneno.

Asubuhi moja mkuu wetu, mwalimu wa zamani kutoka bara, aliniletea somo la darasa la kijiji cha Fukayosi. Gari la ofisi lilikuwa liondoke mchana, na mawingu yalikuwa yameshatanda. Mvua ikinyesha, barabara ile haipitiki.

"Tutawahi, mama?"

"Tutajaribu, Mwalimu."

Karatasi za kwanza zilitoka zimefifia upande wa kushoto. Nikaongeza wino, wapi. Nikafuta rola, hali ile ile. Nikaivua stensili, na chini yake nikakuta kitambaa cha wino kimekauka upande mmoja, kigumu kama ngozi. Kingine hatukuwa nacho. Tulikwisha kuomba Dar es Salaam, tukajibiwa tusubiri.

Tarishi wetu, mtu mzima wa Kaole, alikuwa amesimama mlangoni. "Tukioshe kwa mafuta ya taa," akasema.

Tukakiosha, kikalainika kweli. Lakini nilipokuwa nairudisha stensili, ikachanika ukingo wa kushoto, kuanzia juu mpaka chini. Stensili nyingine haikuwapo. Nilikaa sakafuni, mgongo ukutani, mikono myeusi kwa wino, nikatamani mtu aje aniambie niende nyumbani. Hakuja mtu. Tarishi alinipa maji ya kunywa, nami nikaiziba stensili kwa ile dawa nyekundu ya kufutia makosa.

Ilishika. Ila popote dawa ilipopita, herufi hazikutoka. Kila mstari ulikosa mwanzo wake.

Mkuu aliinua karatasi kwenye mwanga. "Inasomeka?"

"Siyo yote, Mwalimu."

Aliirudisha kwenye fungu. "Basi nenda nazo. Ukamsomee mwalimu wao hayo yaliyokosekana."

Sikutaka kwenda. Nilikwenda, mkono mmoja nimeshika tumbo, mwingine nimeshika mlango wa gari, njia nzima.

Darasa lilikuwa kwenye ghala la korosho. Wengi walikuwa wanawake waliotoka shamba, majembe yameegemezwa nje. Mwalimu wao aligawa karatasi kabla sijasema neno. Bibi mmoja wa mbele aliigeuza yake huku na huku.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Hii yangu imeliwa."

"Zote zimeliwa, bibi. Mashine imetuharibikia. Tuwieni radhi."

Nilifungua mdomo nimsomee, lakini yeye alikwisha kuweka kidole kwenye mstari wa kwanza. "Mba... yetu... i-me-cha-nua."

"Kamba," akasema mwanamke wa nyuma yake. "Kamba yetu."

"Kamba?" Bibi akageuka mzima mzima. "Soma mbele wewe! Imechanua. Ulishaona wapi kamba ikachanua? Ni pamba hiyo!"

Ghala zima likacheka, yule wa kamba naye akacheka. Wakaenda mstari wa pili, wakabishana, wakaenda wa tatu. Mwalimu wao alinitazama, akaiacha chaki mezani.

Nilikaa juu ya gunia. Sikuwahi kuziona karatasi zangu mikononi mwa watu. Siku zote ziliondoka kwa mafungu, zimefungwa kwa uzi, nami nikabaki na mashine. Nilitaka kufurahi pamoja nao, lakini mwili ulikataa. Machozi yakanitoka, nikayafuta kwa ukingo wa kanga. Bibi aliyaona, akadhani nimeshikwa na uchungu, akaamuru niletewe uji.

Tuliporudi, mkuu aliniuliza, "Wameweza?"

"Wamebishana, Mwalimu. Neno kwa neno. Sikumsomea mtu chochote."

Alivua miwani, akaniambia nikapumzike.

Kitambaa kipya kilifika nikiwa nimeshajifungua binti. Niliporudi kazini mashine ilikuwa inatoa ukurasa mzima, lakini sasa mpini wake ulikuwa unakwama. Nikamwita tarishi tuufungue.