Koti Lililokataa Kukauka

Ijumaa nilikuwa kwa dobi wangu pale mtaa wa Pipeline, mama asiyebembelezeka. Akaingia muuzaji na kichupa cha dawa ya madoa.

"Mathe, cheki hii. Ni chumvi iliyo majimaji yenyewe, bila kutiwa maji. Inang'oa grisi, haina harufu, haishiki moto ovyo, na haipandi hewani kama petroli."

"Vua koti, kijana."

Kwa dobi huyu, dawa mpya hujaribiwa kwanza kwenye nguo ya muuzaji.

Akaimimina kwenye doa la grisi kotini, na doa likatoka! Tukapiga makofi. Koti likaanikwa juani, tukangoja mpaka tukachoka, na bado lilikuwa linateleza kama bamia.

"Mbona halikauki?" dobi akauliza.

"Si nimekwambia haipandi hewani?"

"Basi tulisuuze."

Jamaa akaruka, mikono juu. "Maji yake yasiingie mtaroni! Yataua samaki huko mtoni."

Dobi akamvika koti taratibu, akamfunga vifungo vyote, kama anampeleka shule.

"Haiendi juu, haiendi chini. Basi itaenda na wewe."

Mimi sayansi naiunga mkono, na hewa kweli haikuchafuka. Lakini nilicheka mpaka nikashika ukuta, maana jamaa alipofika mlangoni akichuruzika, dobi alimpigia kelele: "Na mtaro uuruke vizuri!"