Kompyuta ya Pili

Kaka yangu alikwenda Amerika akatuachia kompyuta yake. Tulikaa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii. Miezi ya mwanzo alipiga simu, kisha kimya. Mwaka ukapita, mwingine ukaingia, na mama akaanza kukonda. Niliwakasirikia wote wawili: yeye kwa kunyamaza, mama kwa kuisha mbele ya macho yangu.

Kompyuta ile niliitumia kuchapa mitihani ya walimu. Siku moja nilisogeza meza ili nifagie, nikakuta waya mweusi umeanguka nyuma yake. Nikauchomeka mahali ulipoingia, basi. Nilipowasha, pale panapoonyeshwa mitambo iliyounganishwa na yetu, palikuwa na picha ndogo ya kompyuta ya pili. Chini yake herufi na namba zisizo na kichwa wala miguu. Nikazima, nikawasha tena. Ilikuwa pale pale, na nyumba nzima tulikuwa na kompyuta moja tu.

Mama alikuwa akichambua mboga, chinsaga, kando ya jiko. Nilipomwita alifuta mikono kwenye leso, akainama karibu na kioo.

"Hii ni yetu," akasema, akigusa picha ya kwanza. Akagusa ya pili. "Na hii ni ya kaka yako."

"Haiwezekani, mama."

"Ni wewe umeiweka?"

"Hapana."

"Basi niachie."

Toka siku hiyo aliniamsha niwashe kompyuta kabla ya chai. Picha ikitokea, alikula vizuri. Jumapili haikutokea, naye akasema mwanawe yuko kanisani. Yangu macho. Lakini moyoni niliumia, maana hata mimi nilianza kuingojea.

Mwishowe nikaufuata ule waya. Ulipita kwenye tundu la sakafu, ukashuka hadi dukani, ukaingia kwenye kompyuta ya mama wa Kihindi, mwenye duka na jengo.

"Kaka yako aliuvuta mwenyewe," akaniambia. "Alipokuwa karani wangu. Alitaka kufanyia kazi ya stoo huko juu." Akaniuliza kama kaka anatuandikia siku hizi. Nikasema bado. Nikapanda ngazi. Nilikusudia kumwambia mama ukweli, ila nilimkuta amemaliza uji wote, jambo ambalo kabla ya picha ile sikuwa nimeliona kwa muda mrefu. Nikachukua bakuli nikaliosha.

Kisha mwenye jengo akahamishia biashara Kisumu. Vitu vikapakiwa kwenye lori, kompyuta ikiwemo. Kesho yake haikuwa Jumapili, na picha haikutokea. Mama alikaa mbele ya kioo mpaka chai ikapoa.

"Nenda Mosocho umwite baba yako mdogo," akasema. "Mwambie atafute mgomba mzuri."

Kwetu mtu akipotea mbali na maiti isirudi, shina la mgomba ndilo linalolazwa kaburini badala yake. Ukishalifukia, mtu huyo hangojewi tena.

Maneno yakanitoka kwa pupa. Ile kompyuta haikuwa yake, ilikuwa ya duka, wenyewe wamehama, hakuna aliyekufa. Nilikuwa karibu kumfokea mama yangu mzazi.

"Najua," akasema. "Siku ile uliposhuka nilikuwa nimesimama kwenye ngazi. Nilisikia yote."

"Sasa mbona ulikuwa unaniamsha?"

Alinitazama kama anayemhurumia mtoto.

"Kila siku watu wananiuliza habari zake. Nikilia wananiambia nisimlilie mtu aliye hai. Nikinyamaza, siwezi kulala. Ile picha ilinisaidia kidogo, nami nikaishikilia. Sasa imekwisha." Akafunga leso yake vizuri. "Nimechoka, mwanangu. Nataka nimlilie mtoto wangu, na watu waje walie nami."

Nikavaa viatu, nikaenda Mosocho.