Jumapili Alipozikwa Mama

Mwanakheri wa Timbwani, Likoni, alikuwa katika mwaka wake wa pili Ujerumani, akimtunza Bi Hannelore, mwalimu mstaafu wa fidla ambaye miguu ilikuwa haimchukui tena. Jumapili moja asubuhi, alipokuwa akimpakia bibi huyo siagi kwenye mkate, simu ikalia. Ni Hashim, kakake.

"Mama ametutoka, Mwanakheri. Tangu alfajiri. Tunazika baada ya alasiri."

"Nisubirini."

"Tukusubiri vipi? Maiti haingojeshwi ndege."

"Haya," akasema. Akamaliza kupaka mkate.

Siku hiyo Bi Hannelore alikuwa aende kusikiliza muziki. Tikiti alizinunua tangu wakati wa baridi, na hakuwa na mtu mwingine wa kumsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu. Mwanakheri hakumwambia kitu. Hakujua angeanzia wapi. Alimvisha gauni lake la buluu, wakaenda.

Saa tisa kamili, ambayo kwao Likoni ni saa kumi, wapigaji waliovaa nguo nyeusi wakaanza. Fidla aliijua. Kwao hailii arusini ila watu wainuke, wawatunze wapigaji pesa, waitikie. Hapa ukumbi mzima ulitulia kama wanaosikiliza hotuba ya Ijumaa. Akawaza: sasa jeneza limetoka. Sasa Hashim ameshuka kaburini kumpokea. Akangoja machozi, hayakuja. Mbele yake aliketi mzee ambaye lebo ya shati ilikuwa imemchomoza shingoni, na macho ya Mwanakheri yakaganda pale mpaka mwisho.

Bi Hannelore ndiye aliyelia. Mwanakheri akampa kitambaa.

"Hukuupenda?" bibi akamuuliza walipotoka nje.

"Mamangu amefariki leo asubuhi. Wamekwisha kumzika."

Bibi akamshika mkono. "Na mimi nikakuleta huku!"

"Nilikuja mwenyewe," Mwanakheri akajibu, akaanza kusukuma kiti.

Alirudi Timbwani baada ya miezi saba. Wanawake wakaja kumpa pole, wakajaa mkekani. Miongoni mwao alikuwa mama yake mdogo, Dhahabu, ambaye ndiye aliyemwosha marehemu.

"Mwanakheri."

"Abee, mama."

"Saa ile tunamzika dada, wewe ulikuwa wapi?"

Angeweza kusema alikuwa kwenye mswala, na wangemwamini.

"Nilikuwa kwenye muziki."

"Astaghfirullah!" mmoja akaguna. Dhahabu hakuguna. Alimuuliza:

"Ukafurahi?"

"Sikuhisi kitu, mama. Wallahi, hata sasa sihisi."

Dhahabu akajisogeza karibu yake. "Basi kesho uje tutoe nguo zake kabatini. Nimejaribu peke yangu, nimeshindwa."

Kesho yake wakakunja leso na mabuibui hadi adhuhuri, nyingine za kutoa sadaka, nyingine za kubaki. Dhahabu alilazimika kutoka nje mara mbili kupangusa uso. Mwanakheri aliendelea kukunja, macho makavu, wala hapakuwa na aliyemuuliza kwa nini.