Mahindi Niliyoyafunika kwa Karatasi

Kitale hakuna mbegu inayoniaibisha. Kule ninakofanya kazi ya kuzalisha mbegu kuna baridi, kiduha hakipapendi, na mahindi yote hujidai mashujaa. Ukitaka kujua ukweli wake, yapeleke Bumula kwa mama yangu.

Kiduha ni gugu lenye maua ya zambarau, mazuri kweli, na nyumbani tunakiita kayongo. Hujishikiza kwenye mizizi ya mahindi chini ya udongo na kunyonya, hata kabla hujakiona. Kinapochomoza, mahindi yameshadumaa. Shamba la mama lilijaa hicho tu. Alikuwa ameniambia wazi: mbegu zangu zikishindwa, anawakodishia shamba watu wa miwa.

Nilimwomba kona moja. Nilikuwa nimechanganya mahindi ya Kitale na aina nyingine, mbovu kwa mazao lakini inayojua kukinyima kiduha. Nikapanda watoto wao pale, na katika kila shimo nikatia mchanga uliochanganywa na mbegu za kiduha. Mama alisimama, mikono kiunoni.

"Ati nilikusomesha ndio ukuje unipandie kayongo?"

Nilimweleza kwamba bila adui sitajua nani ana nguvu. Akasonya, akaenda zake. Nilikasirika, maana sikuona namna ya kumlaumu.

Mengi yalinyauka. Machache, katikati ya maua yale ya zambarau, yalisimama kijani kibichi, na mimi nilicheka peke yangu shambani kama mwehu. Niliyafunika kwa mifuko ya karatasi ili yasichavushwe na majirani zao, kila mmea ujizalie wenyewe. Katika kizazi kama kile hakuna mimea miwili inayofanana. Ukipoteza mmoja, umepoteza ukoo mzima. Nilimsihi mama asiyaguse mpaka yakauke. Akasema sawa. Nikarudi Kitale.

Niliporudi kuvuna, mifuko ilikuwa barazani, imekunjwa vizuri, jiwe juu yake ili upepo usiipeperushe.

"Mama, mahindi yangu yako wapi?"

"Si wakwe wa dada yako walikuja? Sasa ningewapa nini wakingoja kuku iive? Maji?"

Kwa miaka mingi alikuwa akinunua mahindi mabichi sokoni Myanga, akiwachomea wageni na kujifanya ni ya shamba lake. Safari hii alikuwa na yake. Na mgeni hupewa yaliyo bora, kwa hiyo alichagua yale yaliyovaa karatasi, ambayo hata ndege hawakuwa wameyadonoa.

Nilimpandishia sauti. Nilisema hayakuwa ya kuchoma, yalikuwa ya mbegu, yalikuwa ya kuliokoa shamba hilihili. Kisha nikaenda kupekua jaani kama kuku. Nilipata magunzi matupu. Hata ningepata punje, zilichumwa zikiwa na maziwa bado, zisingeota.

Msimu uliofuata nilipanda ndugu zao waliobaki ghalani Kitale. Nilitembea mistari yote nikitafuta hata mmea mmoja uliosimama. Haukuwepo. Kiduha kilichanua kila mahali, na mama hakunicheka, jambo lililoniumiza zaidi.

Watu wa miwa walikuja na trekta. Tulisimama kando ya shamba tukilitazama likigeuzwa, na mimi, kwa uchungu, nikamwambia kwamba tungeyatunza yale machache tusingefika hapa.

"Mtoto yangu," akasema, "kwani ulikuwa unanitengenezea mahindi ya nini, kama si ya kupatia wageni?"

Nikamuuliza kama angalau yalikuwa matamu.

"Hata sijui," akasema. "Yote nilipatia wao."